Sura ya Tisa: Aliyesimama Kwenye Chaki

Ukungu uliingia studio bila kugonga mlango. Ulipenya chini ya milango mikubwa ya banda la pili, ukakutana na ukungu mwingine, ule ambao mafundi walikuwa wakiufukiza kwa mafuta ya moto ili sitaha ya meli, iliyojengwa kwa mbao katikati ya banda, ionekane iko baharini kati ya Dover na Calais. Inspekta Ambrose Tulley alisimama mlangoni akiwa na kofia yake nyeusi ya duara kichwani, akautazama ukungu wa Mungu na ukungu wa watu. Hakuupenda hata mmoja.

Jana alasiri, wakati wa chai, taa kubwa ya chuma yenye uzito wa mwanamume mzima ilishuka kutoka darini, ikaangukia penye alama ya chaki kando ya kingo za meli. Hapo ndipo Bi Daphne Orde, nyota wa filamu, angesimama na kushuhudia mtu akitupwa majini. Bahati yake, hakuwepo. Aliyekuwepo ni Winnie Scoble, mshika nafasi wake. Kazi ya Winnie ilikuwa kusimama pale atakaposimama mwenzake, amevaa koti na kofia kama zake, wakati taa zinapangwa, ili nyota apumzike chumbani na kunyoosha miguu. Winnie alieleza kwamba alisikia kamba ikivuma juu, akaruka. Hakupata hata mkwaruzo.

Studio nzima haikuhitaji kufikiri mara mbili. Bi Orde alikuwa amepokea barua tatu za mtu asiyejulikana, zikimwahidi kwamba filamu hii hataimaliza. Basi konstebo wawili wakawekwa mlangoni kwake, na fundi umeme aliyeifunga ile taa, Emrys Probert, mtu wa Wales mwenye mdomo usio na breki, akatiwa ndani. Wiki iliyopita yeye na Bi Orde walikuwa wametupiana maneno mazito mbele ya watu, na kamba ilikuwa yake. Mkuu wa Tulley alikwisha piga simu akisema anamtaka Emrys mbele ya hakimu kesho asubuhi, na hakutaka kusikia habari nyingine.

Tulley alikuwa ametoka kumwona mahabusu.

"Fundo lile nililifunga mimi," Emrys alimwambia. "Miaka kumi na moja nafunga taa, mzee. Hakuna iliyoanguka."

"Hii imeanguka."

"Imeangushwa. Kamba ilikatwa?"

"Haikukatwa."

"Sasa? Kamba inapita juu kwenye gurudumu, inashuka ukutani, inafungwa kwenye pembe ya chuma karibu na kamera. Aliyeifungua alikuwa chini, miguu yake sakafuni. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya chai na watu kumi mbele yangu. Waulize hao kumi."

Tulley aliwauliza. Watatu walimkumbuka. Wengine walikuwa wakitazama chai. Ndivyo ilivyo katika mabanda hayo: kengele ya chai ikilia, kila mtu hutupa alichoshika na kukimbilia toroli, na hata jengo likiungua watalizima baada ya kikombe cha kwanza.

Sajenti Pickard alitokea kwenye moshi akiwa amebeba koti la kijivu mikononi, lile alilokuwa amelivaa Winnie. Lilikuwa limepasuka mgongoni tangu kola hadi pindoni, na kofia yake ilikuwa imesagwa ikawa kama chapati.

"Afande, nina swali la kijinga."

"Uliza tu. Leo sina la akili."

"Taa imelichana koti mgongoni namna hii. Yeye mgongo wake mzima. Alirukaje akaliacha koti?"

Tulley alilichukua, akaligeuza. Ndani ya kola palikuwa na kitanzi cha kutundikia, na kitanzi hicho kilikuwa kimekatika upande mmoja. Akaenda hadi kwenye kingo za meli. Palikuwa na ndoano ya kutundikia boya la kuokolea watu, na kwenye ncha ya ndoano zilining'inia nyuzi chache za kijivu. Kofia, bila shaka, iliwekwa juu ya nguzo hapo hapo, kola ikiwa chini yake.

"Koti halikuwa na mtu ndani, Pickard. Lilikuwa limetundikwa."

"Basi yule dada ametudanganya."

"Si yeye tu," alisema Tulley.

Aliyetoa maelezo ya pili alikuwa Bwana Conrad Strickland, mkuu wa picha, mtu anayeamua kila taa ikae wapi na imwangukie nani. Mzee wa heshima, nywele nyeupe, kioo cheusi cha kupimia nuru kikining'inia kifuani kwa utepe. Bi Orde alikuwa akisema waziwazi kwamba uso wake ni kazi ya watu wawili, Mungu na Strickland. Jana, wenzake walipokimbilia chai, yeye alibaki kumalizia taa na akamwomba Winnie abaki naye. Alimwambia Tulley kwamba alikuwa akimtazama Winnie usoni wakati wote, mpaka taa iliposhuka. Na hakuna aliyemshuku, kwa sababu iliyokuwa wazi: anayemwinda Bi Orde hawezi kuwa Strickland, maana ni yeye aliyejua vizuri kuliko wote kwamba Bi Orde hayupo pale.

Tulley alimkuta Winnie kwenye chumba cha mavazi, akifungwa koti jipya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Bermondsey, mwenye macho ya mtu aliyezoea kusimama bila kutazamwa. Tulley aliomba wabaki wawili, akaliweka lile koti lililochanika mezani, kola ikiwa juu. Winnie alikiona kitanzi, na rangi ikamtoka.

"Nitafukuzwa," alisema.

"Kwa nini?"

"Mshika nafasi haondoki kwenye chaki mpaka aruhusiwe. Ukiondoka, jioni hiyo hiyo unapewa chako, kesho yake kuna wasichana ishirini getini." Alikaa. "Nilisikia baridi mpaka kwenye mifupa, bwana. Nilitaka kikombe kimoja tu. Na chai ni marufuku ukiwa na vazi la filamu, ukilimwagia wanakukata mshahara. Basi nikalitundika, nikaweka na kofia isichafuke, nikatoka kwa kunyata."

"Bwana Strickland hakukuona?"

Hapo Winnie alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la shukrani.

"Aliniona. Yule ni mtu na nusu. Nilikuwa nyuma ya pazia la turubai na kikombe changu, namsikia anaendelea kunisemesha. 'Inua kidevu, Winnie. Hapo hapo, binti yangu, usisogee.' Na mimi sipo. Nikajua ananifichia, mtu akipita asikie niko kazini. Nikacheka peke yangu. Halafu taa ikaanguka. Na hata mlipomhoji hakunichoma, si ndiyo? Alisema nilikuwa pale."

Tulley alikubali kwamba ndivyo alivyosema. Akauliza, kwa sauti ya kupitisha muda, kama wamefanya kazi pamoja siku nyingi. Winnie alisema miaka mitano. Zamani Bwana Strickland alikuwa na msaidizi, kijana mmoja mpole aitwaye Leslie Farrant, ambaye hakubanduka begani mwake. Alikuwa akimnong'oneza mambo sikioni kutwa nzima. Wengine hawakumwona kwa sababu walikuwa na shughuli zao, ila yeye asiye na la kufanya zaidi ya kusimama aliwaona. Wiki tatu zilizopita Leslie alianguka kwenye tangi la maji, hili hili lililo kando ya meli, siku ya ukungu mzito, akafa. Uchunguzi ulisema aliteleza. Maskini alikuwa amepata kazi nzuri studio nyingine, alikuwa ahamie mwezi huu.

"Juzi nilimpa pole Bwana Strickland," Winnie alisema. "Nikamwambia, Leslie alikuwa macho yako. Akanishika mkono muda mrefu sana."

Kengele ililia kwenye ukumbi. Mtu alimwita Winnie kwa sauti ya haraka. Alisimama, akajitazama kwenye kioo, akamsihi Inspekta asimseme kwa wakubwa, akatoka mbio akishika kofia yake.

Tulley alibaki akilitazama koti. Mwanamke alikuwa amedanganya kwamba yupo kwenye chaki, na alijua anadanganya. Strickland alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Lakini Strickland hakuwa akimfichia mtu: hakujua kabisa kwamba Winnie ameondoka. Hakuna mtu mwenye akili anayeliambia koti liinue kidevu. Akakumbuka maneno ya mwongozaji, Bwana Gathercole, asubuhi ile, alipokuwa akilalamika huku amejaza peremende shavuni: kwamba picha za wiki tatu hizi zimetoka na giza, nyuso nusu hazionekani, na wadhamini wanamwuliza maswali, naye anawajibu kwamba mzee amebadili mtindo, waandishi wa magazeti watapenda.

"Pickard," aliita. "Yule mzee haoni."

Sajenti aliingiza kichwa. "Nani?"

"Strickland. Anaona maumbo tu, basi. Kijana Farrant alikuwa macho yake kweli kweli, na kijana alikuwa anahama. Mpigapicha asiyeona ana maisha gani? Na Winnie amekwenda kumwambia kwa mdomo wake kwamba anajua. Winnie mwenyewe hajui kama anajua, lakini mzee atajuaje hilo?" Alikwisha kunyakua kofia yake. "Hakuna aliyemwinda Bi Orde. Zile barua ni za kichaa fulani aliyekosa la kufanya. Konstebo wetu wapo wapi?"

"Wapo kwa Bi Orde, afande. Wote wawili. Anawapa biskuti."

"Na Winnie yuko wapi?"

Wote wawili walikuwa tayari mbioni.

Taa nyekundu iliwaka juu ya mlango wa banda. Bawabu, mzee mnene mwenye medali za vita, alisimama mbele yake kifua mbele.

"Kamera inazunguka. Hapiti mtu."

"Mimi ni polisi."

"Naona. Na ile ni nyekundu. Aliyekuwa mfalme mwaka juzi alisubiri hapo hapo uliposimama wewe, tena akanishukuru."

Tulley alitaka kumsukuma, akajizuia: akiingia kwa kishindo atakuwa na nini mkononi? Koti lililochanika na hisia zake. Wakili wa kwanza wa Strickland atamcheka mpaka barabarani, Emrys atapanda kizimbani, na siku moja, wiki ijayo au mwezi ujao, Winnie Scoble atateleza mahali fulani kwenye ukungu. Alisogea karibu na Pickard, akamnong'oneza. Pickard alimtazama kama mtu aliyeambiwa aruke darini, kisha akavua viatu vyake vizito, akavibana kwapani.

Taa nyekundu ikazimika. Papo hapo kengele ya chai ikalia, milango ikafunguka, na watu wote wakamwagika nje kwa vicheko na kikohozi. Tulley na Pickard waliingia wakipishana nao.

Ndani, moshi ulikuwa umefika kifuani. Meli ya mbao ilijitokeza na kupotea. Sauti moja tu ilisikika, ya upole, yenye subira, kama ya daktari wa watoto.

"Tumebaki wawili tena, Winnie. Dakika chache tu, binti yangu. Nataka uso wako ukae sawa."

"Sawa, Bwana Strickland."

Alikuwa kwenye chaki. Juu ya kichwa chake, darini, ilining'inia taa mpya mahali pa ile iliyovunjika. Strickland alikuwa kando ya kamera, mkono wake wa kushoto ukiwa mfukoni, wa kulia ukiegemea ukuta. Na kwenye ukuta huo, si mbali na vidole vyake, ndipo ilipokuwa pembe ya chuma yenye kamba.

Tulley alivua viatu vyake naye. Alipanda sitahani kwa upande wa nyuma, akakanyaga mbao pembezoni zisilie, akamfikia Winnie kwa nyuma na kumziba mdomo kwa kiganja. Alihisi mwili wake ukikakamaa. Alimwonyesha kwa kidole: wewe, kule, mlangoni. Macho yalimtoka Winnie pima. Kisha, bila kuelewa, alitii, na moshi ukammeza.

Tulley akasimama kwenye alama ya chaki. Mwanamume wa futi sita, sharubu, koti la mvua, kofia nyeusi ya duara. Akageuza uso wake wote kuelekea kwa mpigapicha, ambaye hakuwa mbali zaidi ya upana wa chumba cha kulia.

Strickland alimtazama moja kwa moja.

"Vizuri," alisema. "Inua kidevu kidogo, Winnie. Hapo hapo."

Tulley aliinua kidevu. Alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi hii, lakini kutazamwa na macho yale mazuri, yaliyotulia, yasiyomwona, kulimtisha kuliko maiti.

"Wewe ni binti mwema," Strickland aliendelea. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitembea ukutani taratibu, ukipapasa. "Uliniambia maneno mazuri kuhusu Leslie. Nimeyafikiria sana. Umemwambia mtu mwingine, Winnie? Usijibu, utaharibu uso. Leslie naye hakuwa mtu mbaya. Nilimwomba tu abaki. Nilimwomba sana." Vidole viliifikia pembe ya chuma, vikaanza kulifungua fundo kwa ustadi wa mtu asiyehitaji kuangalia. "Miaka thelathini, binti yangu. Sina kitu kingine duniani. Usisogee."

Fundo likafunguka. Mzee akaiachia kamba.

Hakikuanguka kitu. Juu kidogo ya pembe ile, ndani ya moshi, Sajenti Pickard alikuwa amesimama juu ya sanduku bila viatu, kamba ameizungusha mara mbili kiunoni, jasho likimtiririka, anaivuta kwa uzito wake wote.

Strickland alisubiri. Aliinamisha kichwa kidogo, akisikiliza.

"Winnie?" aliita.

"Nipo huku, Bwana Strickland," ilijibu sauti ya Winnie kutoka mlangoni, mbali kabisa, ikitetemeka kwa kilio. Alikuwa amesikia kila neno.

Mzee akageuza uso kwenye sauti ile. Kisha akaurudisha polepole kwenye alama ya chaki, ambapo bado palikuwa na umbo lililosimama na kofia. Nyuma ya Winnie watu walikuwa wameanza kurudi, vikombe mikononi, na kila aliyeingia alisimama pale pale alipofika. Gathercole alikuwa mmoja wao. Walimwona Inspekta wa polisi na sharubu zake mahali pa Bi Orde, na wakamwona bwana wao akimwangalia, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Nimekuwa nikizungumza na nani?" Strickland aliuliza.

"Inspekta Tulley, bwana."

"Aha." Alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akakaa. Alikuwa mtulivu, kama mtu aliyetua mzigo. Pickard alikuwa amekwisha funga kamba, akashuka na pingu, lakini Strickland aliinua kidole kuomba dakika moja, na mtu asingeweza kumnyima.

"Niambie kitu kimoja, Inspekta. Ukweli tu. Ulipokuwa umesimama hapo, nuru yangu ilikaaje usoni mwako?"

Tulley alitazama chini. Mwanga mkali, mweupe, uliopangwa kwa uangalifu mkubwa, ulikuwa umeangukia mbao tupu hatua mbili kushoto kwake. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama gizani tangu mwanzo.

"Haikunifikia, bwana," alisema.

Hapo ndipo Conrad Strickland alipofunika uso wake kwa mikono yote miwili na kulia mbele ya watu wake.